UNMEE, UNISFA, UNDOF au UNASOG: kikosi gani kwa mpaka wa aina gani?

Mpaka ukichemka popote barani, haipiti wiki kabla mtu hajasikika redioni au kwenye kundi la WhatsApp akidai Umoja wa Mataifa upeleke jeshi likae katikati. Ni dai jema, lakini halijakamilika. Katikati ya wapi? Kuna katikati iliyomegwa kwenye ardhi ya nchi moja tu. Kuna katikati yenye vijiji, visima na soko. Kuna katikati isiyopitwa ila na askari na masanduku ya tufaha. Na kuna mpaka mmoja ambao haukuhitaji jeshi hata kidogo. Waangalizi tisa walitosha.

Nimeweka vikosi vinne vya Umoja wa Mataifa kando kwa kando. Vyote vilipelekwa kwenye mstari uliogombaniwa, na vyote vinatajwa kila mara mtu anapotafuta mfano wa kuiga. Ninaandika kwa ajili ya anayelazimika kuchagua: mwanafunzi wa diplomasia anayetetea hoja, mhariri anayeandika maoni, mtu wa asasi anayeandaa tamko. Viwili vya mwanzo nitavikalia zaidi kwa sababu vilianza na idadi ileile ya askari, katika pembe ileile ya Afrika, vikaishia njia tofauti kabisa.

| | UNMEE | UNISFA | UNDOF | UNASOG |
|---|---|---|---|---|
| Mahali | Ethiopia na Eritrea | Abyei, kati ya Sudan na Sudan Kusini | Golan, kati ya Israeli na Syria | Ukanda wa Aouzou, kati ya Libya na Chad |
| Muda | 2000–2008 | Tangu 2011 | Tangu 1974 | Mei–Juni 1994 |
| Idadi ya mwanzo | Hadi 4,200 | Hadi 4,200 | Karibu 1,250 | Waangalizi 9, raia 6 |
| Ukanda | Kilomita 25, wote ndani ya Eritrea | Abyei nzima. Baadaye kilomita 10 kila upande wa mpaka | Mita 200 hadi kilomita 10 kwa upana | Hakuna |
| Uamuzi wa kisheria | 2002, Ethiopia ikagoma kuutekeleza | 2009, haukutekelezwa | Hakuna | 1994, Libya ikatii |

UNMEE: ukanda uliolala upande mmoja

Vita vya Ethiopia na Eritrea vilianzia Badme Mei 1998 na kuua watu wanaokadiriwa kati ya 70,000 na 100,000. Mapigano yalisitishwa kwa makubaliano ya Algiers tarehe 18 Juni 2000, na mkataba wa amani ukatiwa saini huko huko tarehe 12 Desemba. Kwa azimio namba 1320 la Septemba mwaka huo, Baraza la Usalama liliidhinisha kikosi cha hadi askari 4,200, wakiwemo waangalizi wa kijeshi 220. Kenya ilipeleka batalioni, kama zilivyofanya India na Jordan.

Kilichoamua hatima ya kikosi hiki kimo kwenye kifungu kimoja cha makubaliano ya Juni. Ethiopia, ambayo ilikuwa imeshinda awamu ya mwisho ya vita, ilitakiwa irudi hadi pale ilipokuwa kabla ya tarehe 6 Mei 1998. Eritrea ilitakiwa isogee nyuma kilomita 25 kutoka walipo Waethiopia, umbali ulioelezwa kuwa ni wa mzinga. Ndivyo ulivyozaliwa Ukanda wa Usalama wa Muda, ukifuata mpaka wenye urefu wa karibu kilomita 1,000, na kila mita yake ikiwa ndani ya Eritrea. Eritrea iliruhusiwa kurudisha humo polisi na mgambo tu, si jeshi. Wenyeji waliorudi walikuta mashamba yamejaa mabomu ya ardhini, na kazi ya kuyategua ikawa sehemu kubwa ya shughuli za kikosi.

Kwa miaka michache mambo yalikwenda. Kulikuwa na kamati ya pamoja ya kijeshi, maofisa wa Addis Ababa na Asmara wakikaa meza moja chini ya uenyekiti wa kamanda wa kikosi, mara Djibouti, mara Nairobi. Mbuzi akivuka, mchungaji akikamatwa, risasi ikisikika usiku, jambo lilifika mezani kabla halijawa habari. Mimi ningesema hiki ndicho kitu bora UNMEE ilichokuwa nacho, kuliko askari na magari yote meupe.

Kisha ikaja hukumu. Tume ya Mpaka, iliyoundwa na mkataba na kukubaliwa na wote kuwa uamuzi wake ni wa mwisho, ilitoa uamuzi tarehe 13 Aprili 2002. Addis Ababa ilishangilia mwanzoni. Ramani ilipofafanuliwa ikabainika Badme imeangukia Eritrea, na shangwe ikageuka kuwa barua: Septemba 2003 Waziri Mkuu Meles Zenawi aliliandikia Baraza la Usalama kuukataa uamuzi. Vigingi vya mpaka havikusimikwa.

Sasa jiweke mahali pa Asmara. Mahakama imekupa haki. Jirani hatekelezi. Na wanajeshi wa kigeni wamekaa kwenye ardhi yako, wakilizuia jeshi lako lisiingie humo, huku waliodhamini mkataba wakimsihi jirani kwa maneno laini. Sifa za serikali ya Isaias Afwerki tunazijua na sina haja ya kuitetea, ila katika hili hasira yake ilikuwa na msingi. Oktoba 2005 ikapiga marufuku helikopta za kikosi. Desemba ikawafukuza watumishi kutoka Marekani, Kanada, Ulaya na Urusi. Vituo vya uangalizi vikafungwa kimoja baada ya kingine, kwa kuwa huwezi kumweka mtu nyikani usipoweza kumfuata kwa helikopta akijeruhiwa. Desemba 2007 Eritrea ilikata dizeli. Mapema 2008 kikosi kilijaribu kuhamia upande wa Ethiopia kikawekewa vizuizi, na Julai 2008 Baraza la Usalama likakifuta.

Tume ya Mpaka nayo ilikuwa imeshajifunga Novemba 2007, ikiacha mpaka umechorwa kwa nambari za ramani badala ya vigingi.

Wengi huandika kwamba UNMEE ilishindwa. Mimi nadhani askari walifanya kazi yao: katika miaka yao vita vikubwa havikurudi. Kilichoshindwa ni kule New York na kwenye miji mikuu ya wadhamini, ambako hakuna aliyekuwa tayari kumbana aliyekataa hukumu. Mapatano yalikuja miaka kumi baada ya kikosi kuondoka, Waziri Mkuu mpya wa Ethiopia, Abiy Ahmed, alipokubali uamuzi ule ule na kutia saini tamko la amani Asmara tarehe 9 Julai 2018. Hakukuwa na kofia ya buluu ya mlinda amani hata moja mpakani. Na yaliyofuata Tigray, jimbo la kaskazini mwa Ethiopia, kuanzia Novemba 2020, ambako jeshi la Eritrea liliingia vitani upande wa Addis Ababa, yalionyesha kwamba urafiki wa viongozi wawili nao una hatari zake.

UNISFA: kikosi kinachoishi na watu

Abyei ni eneo la kama kilomita za mraba 10,500. Wenyeji wake ni Wadinka wa Ngok. Wamisseriya, wafugaji wa Kiarabu kutoka kaskazini, hushuka na ng'ombe wao kila kiangazi kutafuta maji na malisho, na wamefanya hivyo tangu kabla ya kuwepo nchi inayoitwa Sudan. Itifaki ya Abyei ilikuwa sehemu ya mkataba mkubwa wa amani uliojadiliwa Naivasha na kutiwa saini Nairobi Januari 2005. Wananchi walipaswa kupiga kura Januari 2011 waamue wawe upande gani. Kura haikupigwa, kwa sababu pande mbili hazikukubaliana nani ahesabiwe kuwa mkazi: je, anayekuja na ng'ombe kwa miezi sita ana kura?

Mei 2011 jeshi la Sudan liliuteka mji wa Abyei na watu zaidi ya 100,000 wakakimbilia kusini. Tarehe 20 Juni pande mbili zilitia saini makubaliano Addis Ababa, na wiki moja baadaye azimio namba 1990 likaunda UNISFA. Hadi askari 4,200, idadi ileile ya UNMEE. Tofauti ni kwamba hawa walipewa ruhusa ya kutumia nguvu chini ya Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa kulinda raia, na karibu wote walitoka nchi moja: Ethiopia.

Kuleta jeshi la nchi jirani ni jambo ambalo Umoja wa Mataifa kwa kawaida hulikwepa. Jirani ana maslahi yake. Hapa liligeuka faida. Khartoum na Juba zote ziliiamini Addis Ababa kuliko zilivyoamini mtu mwingine yeyote, na Waethiopia walifika kwa kasi ambayo vikosi vya mchanganyiko wa mataifa huiota tu. Jeshi la Sudan liliondoka mjini mwaka uliofuata. Kamanda wao wa kwanza, Tadesse Werede, baadaye aliongoza majeshi ya Tigray dhidi ya serikali ya nchi iliyomtuma Abyei, na Aprili 2025 akawa rais wa utawala wa mpito wa Tigray. Historia ya pembe hii ya Afrika haina aibu.

Lakini jirani ana mambo yake, na mwishoni mambo hayo yalifika. Kuanzia mwisho wa 2020 Sudan na Ethiopia ziligombana juu ya bwawa la Mto Nile na juu ya ardhi ya al-Fashaga, ambayo nayo ni mpaka unaogombaniwa. Khartoum ikataka Waethiopia waondoke Abyei. Waliondoka, nafasi yao ikachukuliwa na askari wa Ghana, India, Pakistan, Bangladesh, China na Nepal. Baadhi ya askari wenye asili ya Tigray waliomba hifadhi badala ya kurudi nyumbani. Kwa hiyo ukipendekeza kikosi cha nchi moja jirani, andika pia ni nani atakayekirithi na kwa muda gani, maana siku hiyo itakuja.

Kazi ya kila siku ya UNISFA haifanani na ya UNMEE. UNMEE ilitazama mahandaki. UNISFA inahesabu miezi ya mvua. Kiangazi kinapokaribia, inasimamia mazungumzo ya wazee wa pande mbili juu ya njia za ng'ombe, inaweka askari kati ya jamii mbili zinapokaribiana, inafukuza bunduki nje ya eneo. Soko la Amiet, kaskazini mwa mji wa Abyei, limekuwa mahali ambapo Mmisseriya anauza sukari na vitu vya dukani na Mdinka anauza mifugo, likisimamiwa na kamati ya amani ya jamii hizo mbili wenyewe. Hakuna mkutano wa marais uliolizaa. Ukiniuliza ni nini kimeizuia Abyei isiungue zaidi ya ilivyoungua, nitataja soko hilo na kamati yake kabla ya kutaja azimio lolote.

Si kwamba ulinzi umekuwa kamili. Tarehe 4 Mei 2013 chifu mkuu wa Ngok, Kuol Deng Kuol, aliuawa akiwa ndani ya msafara wa kikosi, pamoja na mlinda amani Mwethiopia. Tangu 2022 damu nyingi imemwagika si kati ya Dinka na Misseriya bali kati ya Ngok na Wadinka wenzao wa Twic, kutoka jimbo la Warrap, upande wa kusini. Januari 2024 shambulio moja la aina hiyo liliua watu zaidi ya 50, wakiwemo walinda amani wawili. Kikosi kiliundwa kikitazama kaskazini, hatari ikaingia kwa mlango wa nyuma.

Kuna pia kazi ya pili, ambayo watu huisahau. Desemba 2011 UNISFA ilipewa jukumu la kusaidia mfumo wa pamoja wa kuhakiki mpaka wote wa Sudan mbili, zaidi ya kilomita 2,000 nje kabisa ya Abyei. Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri kuliko wa Eritrea: ukanda usio na majeshi wa kilomita 10 kila upande, waangalizi wa Sudan, Sudan Kusini na Umoja wa Mataifa wakisafiri katika gari moja. Hakuna anayepoteza ardhi peke yake. Ulikwama kwenye swali la mstari wa kati upite wapi, hasa mahali paitwapo Maili 14, na vita vya Sudan vya Aprili 2023 vikaukausha. Desemba 2025 askari sita wa Bangladesh waliuawa kwa droni kwenye kambi ya kikosi hicho huko Kadugli.

Tukiviweka mizani moja

Ukilinganisha hivi viwili kwa idadi ya askari hutapata jibu, kwa sababu ni ileile. Ukilinganisha kwa silaha utadhani Sura ya Saba ndiyo iliyoiokoa UNISFA. Sidhani. Kitu kilichotofautisha ni nani anabeba mzigo wa kuwepo kwa kikosi. Kwa UNMEE, mzigo wote, wa ardhi, wa barabara, wa anga, wa mafuta, ulikuwa wa nchi moja. Na nchi hiyo ilipochoka ilikuwa na funguo zote mkononi. Kwa UNISFA mzigo umegawanyika, na zaidi ya yote jamii za pale pale zina faida ya kila msimu ya kikosi kuwepo. Serikali mbili zikinuna, bado kuna mtu anayetaka doria ipite kesho asubuhi ili afike sokoni.

UNMEE inashinda kwenye mawasiliano ya majeshi. Kamati yake ya kijeshi ilikutana kwa miaka, hadi 2006. UNISFA haijawahi kuwa na kitu chenye uzito huo kinachodumu. Kamati ya pamoja ya usimamizi wa Abyei imekaa miaka mingi bila kikao cha maana, na polisi wa pamoja walioahidiwa hawakuundwa.

Na zote mbili zinashindwa mahali pamoja: hazikuwa na tarehe wala tukio la kuondokea. UNMEE ilitakiwa imalize kazi vigingi vikishasimikwa. UNISFA jina lake lenyewe lina neno la muda, na imetimiza zaidi ya miaka 14. Bajeti yake katika miaka ya karibuni imekuwa zaidi ya dola milioni 250 kwa mwaka.

UNDOF: majeshi mawili yanayotaka kimya

Golan si mpaka kwa maana ya sheria. Ni mstari wa kusitisha mapigano ndani ya ardhi ya Syria, ambayo Israeli iliikalia 1967 na kuitangaza yake 1981, tangazo ambalo Baraza la Usalama lililibatilisha kwa azimio namba 497. UNDOF iliwekwa kwa azimio namba 350 la tarehe 31 Mei 1974. Ukanda wa kutenganisha una urefu wa kama kilomita 75, na kila upande una maeneo ya ziada ambamo idadi ya askari, vifaru na mizinga imewekewa kikomo na hukaguliwa kila wiki mbili. Muda wa kikosi huongezwa kila baada ya miezi sita.

Kwa karibu miaka 40 hakuna mstari uliotulia kama huu Mashariki ya Kati. Tufaha za wakulima Wadruzi zilivuka kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Mabibi harusi nao walivuka, safari ya kwenda bila kurudi. Siri ilikuwa moja: Damascus na Tel Aviv, kila moja kwa sababu zake, hazikutaka vita pale. Serikali moja ilipodhoofika, mkataba ulibaki bila mwenye kuutii. Machi 2013 walinda amani 21 wa Ufilipino walitekwa, Agosti 2014 wakatekwa Wafiji 45, na kikosi kikahama kwenye vituo vingi. Desemba 2024, Assad alipoanguka, jeshi la Israeli liliingia kwenye ukanda wenyewe huku UNDOF ikiwa hapo hapo.

Mtindo huu ni mzuri kwa majeshi mawili ya serikali mbili zenye nidhamu. Kwa waasi hauna dawa. Anayesema tuuige kwa mpaka wenye wanamgambo wa kila jina hajasoma miaka ya 2013 na 2014.

UNASOG: siku arobaini tu

Libya na Chad zilipigania Ukanda wa Aouzou kwa miaka. Mwaka 1990 zikapeleka shauri Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 3 Februari 1994 majaji 16 dhidi ya mmoja waliamua kwamba Aouzou ni ya Chad. Aprili nchi mbili zikakubaliana namna ya kuondoka. Tarehe 4 Mei Baraza la Usalama likatuma waangalizi tisa. Tarehe 30 Mei Libya ilikuwa imeshatoka, na kabla Juni haijafika katikati kikosi kilikuwa kimefungwa, kwa gharama isiyofika dola 100,000.

Muammar Gaddafi hakuwa mtu wa kutii kwa hofu ya hukumu. Alikuwa na vikwazo vya kimataifa shingoni na alihitaji kuonekana mtiifu. Somo kwa anayechagua ni hili: waangalizi wachache wanatosha pale ambapo aliyeshindwa kesi ana sababu yake mwenyewe ya kuondoka. Ethiopia ya 2002 haikuwa nayo.

Kamerun na Nigeria zilikwenda mbali zaidi. Baada ya hukumu ya 2002 juu ya rasi ya Bakassi, walitumia tume ya pamoja iliyosimamiwa na Umoja wa Mataifa, wakaongeza makubaliano ya Greentree ya Juni 2006, na Agosti 2008 Nigeria ikakabidhi rasi bila kikosi chochote cha kulinda amani. Sisi nasi, Tanzania na Malawi, tumegombania Ziwa Nyasa kwa miongo, tukawatwika marais wastaafu wakiongozwa na Joaquim Chissano kazi ya kusuluhisha, na mvuvi wa Mbamba Bay hajawahi kuhitaji doria ya kofia za buluu ili atege nyavu zake.

Basi uchague nini?

Anza na watu wanaoishi kwenye mstari, usianze na majeshi. Kama kuna jamii zinazovuka kwa malisho, maji au soko, chukua Abyei, na hakikisha fedha za kamati za jamii zimo kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Kama hakuna jamii zinazovuka na kuna majeshi mawili yanayotii amri, chukua Golan pamoja na ukaguzi wake wa kila wiki mbili. Kama hukumu imeshatoka na aliyeshindwa ameshaweka saini tarehe ya kuondoka, usipeleke batalioni. Peleka watu tisa.

Kama hukumu haijatoka, au imetoka na mmoja anakunja uso, hapo ndipo penye shida, na hapo ndipo watu hukimbilia mtindo wa UNMEE. Ukilazimika kuutumia, badilisha mambo mawili. Ukanda ukatwe pande zote mbili hata kama haulingani: kwa Iraq na Kuwait mwaka 1991 ulikuwa kilomita 10 upande wa Iraq na 5 upande wa Kuwait, na Iraq ndiyo iliyokuwa imevamia na kushindwa. Pili, makao, viwanja vya ndege na maghala ya mafuta visiwe katika nchi moja. Kuwait, kwa taarifa, ilijilipia theluthi mbili ya gharama za kikosi kile kuanzia mwisho wa 1993. Anayelipa hana haraka ya kukata dizeli.

UNIFIL ya Lebanon, ambako askari polisi wa Tanzania wamehudumu, sijaiweka kwenye jedwali kwa makusudi. Mstari wa Buluu, unaotenganisha Lebanon na Israeli, una jeshi upande mmoja na upande mwingine kuna Hezbollah, chama chenye jeshi lake nje ya lile la serikali. Kikosi kiliidhinishiwa hadi askari 15,000 mwaka 2006, na Agosti 2025 Baraza la Usalama liliamua shughuli zake zikome mwisho wa 2026. Ni mfano wa kusoma, si wa kuchagua.

Na swali ambalo wasomaji wengi wa Kiswahili wanalo kichwani: Kongo na Rwanda? Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukiacha maneno ya wanasiasa kuhusu ramani za wakoloni, mstari kati ya Goma na Gisenyi haugombaniwi. Watu wanaupita kwa miguu kila siku kwenda sokoni. Kinachogombaniwa ni nani ana askari upande usio wake, na nani anamhifadhi adui wa nani. Kikosi cha kukaa katikati ya mstari huo kitakuwa kinatazama mahali pasipo na mgogoro. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022 kikitarajiwa na Kinshasa kupigana na waasi wa M23, huku chenyewe kikijiona cha kutenganisha. Kilitolewa Desemba 2023. Kikosi cha SADC, cha Afrika Kusini, Tanzania na Malawi, kiliingia kupigana, na baada ya Goma kuanguka Januari 2025 kikaagizwa kuondoka Machi. Vyote viwili vilikuwa na askari. Hakuna kilichokuwa na kibali cha kutazama pande zote mbili za mpaka.

Goma iliwekewa mfumo wa pamoja wa uhakiki mwaka 2012, wenye maofisa kutoka nchi za Maziwa Makuu. Ningeuchukua huo, niutoe meno bandia na kuupa ya kweli: haki ya kurusha droni na kuingia kambini bila taarifa upande wa Rubavu, Rwanda, na upande wa Kivu, Kongo, sawasawa, ripoti zinazochapishwa kwa tarehe isiyoahirishwa na serikali yoyote, na juu yake kamati ya maofisa kama ile iliyokuwa ikikutana Nairobi, yenye nambari ya simu inayopokelewa saa nane usiku. Makubaliano ya Washington ya Juni 2025 yameweka utaratibu wa pamoja wa usalama kati ya Kinshasa na Kigali, kwa hiyo meza ipo. Kigali na Kinshasa zikikataa uhakiki wa aina hiyo, batalioni tano za nchi yoyote hazitaona zaidi ya kile zitakachoonyeshwa.